Mkono wa Dada

Mjukuu wangu amesokota matambara ndani ya soksi kuukuu apate mpira, na harufu ile ya vumbi na jasho imenisimamisha mlangoni.

Dada yangu alizaliwa na nguvu za mkono wa kushoto. Baba aliukataza mkono ule kwa fimbo. Basi siku ya fainali ya rede, iliyochezwa kwa mpira kama huo, dada alirusha kwa kulia, akawakosa wasichana wa kijiji cha Ulemo waliokuwa katikati wakijaza chupa mchanga. Ikijaa kabla hajawadunga wote kwa mpira, tumeshindwa.

"Tupa basi, we! Au mpaka tukusogelee?" walimcheka.

Mchanga ulikuwa umefika shingoni mwa chupa. Dada akahamishia mpira kushoto. Nikamtazama baba, aliyekuwa amesimama palepale. Wa kwanza akadungwa mgongoni, wa pili pajani, wa mwisho hata mpira hakuuona. Tukawa mabingwa, na hakuna aliyepiga kigelegele. Macho yote yalikuwa kwa baba.

Baba akaingia uwanjani na fimbo yake.

"Mkono gani huo?"

"Ndio nilio nao, baba."

Baba akaishusha fimbo. "Ugali utakula kwa kulia. Mpira, tupa unavyojua."

Dada, ambaye fimbo haikuwahi kumliza, akalia mbele ya watu wote.