Bimdogo na Kikombe cha Sanamaki

Wanawake wa Makote walikuwa na jibu moja kwa mtu yeyote aliyelalamikia tumbo: nenda kwa Mama Faidha. Jina lake hasa ni Bimdogo, mke wa Salmini, mwanamke anayeuza viazi vya porini viitwavyo ming'oko pale stendi ya Newala. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mwembamba, na hakuna aliyewahi kumwona akinywa soda au akila chipsi. Ukimkuta kwenye mashine ya kusaga, ndoo yake ya makopa ya muhogo ikisubiri zamu, angekuambia, "Tumbo ni kama uwanja wa nyumba. Usipoufagia kila siku, unaota majani."

Fagio lake lilikuwa sanamaki.

Tangu usichana alikuwa na taabu ya choo. Siku nne, siku tano hajaenda, na akienda anatoka na machozi. Alipomzaa Faidha hali ikazidi, ndipo mchuuzi mmoja wa dawa za asili akampa fungu la majani makavu ya sanamaki na kumwambia achemshe, anywe jioni. Asubuhi yake alijiona mtu mpya. Akawa anakunywa mara moja kwa wiki. Baadaye mara mbili. Miezi ikaenda, ikafika mahali asipokunywa tumbo halisogei kabisa, naye akaona huo ndio ushahidi kwamba uchafu ni mwingi. Kwa karibu miaka thelathini hakuna jioni iliyopita bila kikombe kile, hata Ramadhani baada ya futari.

Agosti ya mwaka jana, asubuhi, alikuwa kwenye meza yake anamenya ming'oko kwa ajili ya mteja. Kisu kikamponyoka. Alinyoosha mkono kukiokota, vidole vikawa vinakitazama tu. Akataka kusimama, miguu ikakataa. Moyo wake ulipiga mara mbili, ukanyamaza, ukapiga tena kwa fujo. Yule mteja alidhani mama amepandisha mashetani. Wauzaji wenzake wakampigia simu Mohamedi, mume wa Faidha, ambaye ana gari dogo la kukodisha. Mohamedi alimlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Faidha, wakateremka Masasi.

Hospitalini walimtoa damu, wakamfunga nyaya kifuani. Saa sita mchana akaja daktari kijana, Joel, na karatasi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, kwenye damu kuna madini yanaitwa potasiamu. Ndiyo yanayoiwezesha misuli kufanya kazi, na moyo nao ni msuli. Ya kwako yamekwisha karibu yote. Umeharisha siku za karibuni?"

"Sijaharisha. Mimi tumbo langu nalitunza."

"Unalitunza vipi?"

Bimdogo akamweleza, kwa fahari kidogo, kama alivyowaeleza wengi. Daktari Joel aliacha kuandika.

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

"Kwa miaka mingapi?"

"Sawa na umri wa huyu," akasema, akimwonyesha Faidha.

Daktari akavuta kiti akakaa. Alimwambia kwamba jani lenyewe si baya, mtu aliyefunga choo akilitumia siku chache linamsaidia. Lakini ukiusukuma utumbo kila siku, wenyewe unasahau kazi yake, na kila anachoharisha mtu kinatoka na madini ya mwili. "Leo moyo wako ulikuwa unakaribia kusimama, mama. Kilichouchosha ni kile kikombe."

Bimdogo alitazama dari. Alisema baadaye kwamba alisikia maneno yote, ila ilikuwa kama anasimuliwa habari za mwanamke mwingine.

"Na maji unakunywa kiasi gani kwa siku?" daktari akauliza.

"Kikombe. Nikimaliza kula."

"Kimoja?"

Salmini, aliyekuwa amefika kwa basi, ndiye aliyejibu. "Daktari, sisi watu wa juu kule tumekua tunafuata maji bondeni. Mama yake alikuwa anawaambia, maji ni ya kupikia na ya mgeni."

"Siku hizi hamna bomba?"

"Lipo. Siku nyingine linatoka. Lakini huyu hajawahi kuongeza kikombe."

Faidha akaingilia. Aliongea akitazama sakafu.

"Daktari, na mtoto je?"

"Mtoto gani?"

"Wangu, anaitwa Sijaona. Ana miaka tisa. Nampa kila Ijumaa tangu aanze shule. Na mimi nakunywa."

Bimdogo aligeuza kichwa. "Unampa Sijaona?"

"Mama, si wewe uliyenifundisha?"

Hapo mwili wa Bimdogo ukaanza kutetemeka, na muuguzi akaja mbio akidhani ni moyo tena. Haukuwa moyo. Mohamedi alirudi Makote siku ileile kumleta mtoto. Damu ya Sijaona ilikutwa salama, na ya mama yake pia, lakini bibi yake aliomba asomewe karatasi ya majibu mara tatu, na hata baada ya hapo alimshika mtoto kifundo cha mkono akihesabu mapigo.

Bimdogo alilazwa siku sita. Kurudi kwenye chakula cha kawaida kulikuwa kazi kuliko alivyodhani. Daktari alimpangia kupunguza majani taratibu, ale mbaazi na maganda yake, kisamvu, mchicha, papai, ndizi, na anywe maji tangu asubuhi bila kusubiri kiu. Mbaazi na mboga hazikumshinda. Maji yalimshinda. Kikombe cha pili kilimkaa kooni, akajiona mwizi ndani ya nyumba yake. Salmini akawa anakaa naye ukumbini, wanakunywa pamoja, kimyakimya, kama watu wanaotimiza kiapo. Wiki ya kwanza bila majani tumbo lilivimba asipate choo siku nne, naye akalia akitaka sanamaki. Siku ya tano, baada ya kifungua kinywa, alipata choo mwenyewe, bila dawa. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo tangu alipokuwa na miaka ishirini na minane.

Alipopata nguvu alipita nyumba kwa nyumba kwa wale aliowaanzishia sanamaki. Alikumbuka kumi na wanne. Aliwaambia wazi: nilikosea, nusura nife, acheni kunywa kila siku, na mliokunywa miaka mingi msikatishe peke yenu, nendeni mkapimwe. Mmoja alicheka akasema Mama Faidha amenunuliwa na madaktari.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Getrude, mwalimu mstaafu, anayeimba kwaya kanisani. Alikuwa anakunywa miaka kumi na miwili. Alimsikiliza Bimdogo hadi mwisho bila kumkaribisha kiti.

"Miguu yangu inakufa ganzi tangu Pasaka," Getrude akasema. "Nilidhani ni uzee."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia. Ukaniambia niongeze majani."

Bimdogo hakukumbuka. Getrude aliingia ndani, akatoka na mkoba na kitenge begani, akafunga mlango wake kwa kufuli.

"Mpigie Mohamedi," akasema. "Na wewe unakuja. Utamweleza daktari kwa mdomo wako."