Mkia wa Msafara wa Maporomoko

Kabla hoteli ya mlimani haijajenga ngazi za saruji na kuweka vyuma vya kushikilia, njia ya kwenda kwenye maporomoko ilikuwa ya udongo mwekundu, yenye mizizi ya misonobari iliyotokeza juu kama mishipa ya mkono wa mzee. Shangazi yangu aliongoza wageni kwenye njia ile tangu mimi sijazaliwa.

Riziki yake ilikuwa wageni wa harusi. Walifika siku moja kabla, wakatua mizigo, wakanywa chai, kisha wakaanza kuulizana: sasa tufanye nini mpaka kesho? Wapo waliopanda farasi kuzunguka msitu. Wapo waliokwenda bwawani kuendesha boti za kukanyaga kwa miguu, wakagongana kwa makusudi. Wazee walibaki barazani na karata zao, mablanketi mapajani. Waliosalia, hasa waliopenda kupigwa picha, walikwenda maporomoko.

Waongozaji wengine walipenda kutangulia. Anayetangulia ndiye anayeonekana. Shangazi alitembea nyuma kabisa, pamoja na waliochoka, wenye viatu vya kubana, na mabibi waliokuja kwa sababu tu wajukuu wamewavuta mkono. Wenzake wakambatiza Mkia.

"Mkia, leo umekokota nani?" walimtania jioni jikoni.

"Nimekokota mama mdogo wa bibi harusi, na umbea wa ukoo mzima," alijibu. "Nyinyi wa mbele mmerudi na nini? Jasho!"

Tulipomtembelea wakati wa likizo, tulimwuliza maporomoko yakoje. "Yana kelele," alisema, akaendelea kumenya viazi. Ilinichukua miaka kutambua kwamba hajawahi kuyaona. Waliochoka walikata tamaa kwenye benchi la mbao, pale mwinuko wa mwisho unapoanza, na yeye akarudi nao. Msafara usio na aliyechoka, aliapa, Mungu hajauumba. Na siku yake ya mapumziko alifua na kulala. Nani anakwenda kazini siku ya mapumziko?

Kisha goti lake likaharibika, akaacha kazi. Mwaka uliofuata dada yangu aliamua kufanyia harusi yake katika hoteli ileile, na Shangazi akaja amevaa viatu vipya vya raba.

"Safari hii mimi ni mgeni," alitutangazia mezani. "Nakwenda mpaka juu. Daktari amesema goti hili lina mlima mmoja tu uliobaki, na mimi nimeshauchagua."

Tulipanda asubuhi, taratibu, ukungu ukiwa bado kwenye matawi. Miongoni mwetu alikuwemo mjomba wa bwana harusi, mtu wa mwili mkubwa na roho nyepesi, aliyevaa viatu vya ofisini. Tulipofika kwenye benchi alijibwaga, mbao zikalia.

"Mimi nimefika," alisema. "Haya ndiyo maporomoko yangu."

"Mjomba, bado kidogo tu!"

"Hicho kidogo chenu nimekisikia tangu getini. Nendeni, mtanisimulia."

Wote tuligeuka kumtazama Shangazi. Ilikuwa mazoea tu. Naye tayari alikuwa amekusanya gauni lake ili aketi. Kabla hajaketi aliinua macho kuelekea kule sauti ya maji ilikotoka, nami nikamwona akikaza midomo kama mtu anayemeza dawa.

"Shangazi, nenda," nilisema. "Mimi nitakaa na mjomba."

"Wewe? Hujui hata cha kumwambia."

"Atanifundisha."

"Mwache ajaribu, mkwe," mjomba alisema. "Akinichosha namrudisha kwenu."

Shangazi akaondoka, ameshika mkono wa dada yangu, akitanguliza mguu mzima na kuuvuta ule mbovu. Aligeuka mara kadhaa, kama mtu aliyeacha sufuria motoni, hadi kona ikamficha.

Mjomba alivua viatu, akanisimulia jinsi bwana harusi alivyofukuzwa na jogoo utotoni mpaka akapanda juu ya kabati la vyombo. Alinieleza pia mambo ya mkewe aliyefariki, ambaye angeweza kupanda mlima huu huku akiimba. Nilisikiliza. Sikuwa nimewahi kukaa na mtu mzima kwa namna ile, bila haraka ya kufika popote.

Hatimaye Shangazi alishuka pamoja na wengine. Gauni lilikuwa limelowa mpaka juu ya magoti, na kilemba kilikuwa mkononi.

"Yakoje?" niliuliza.

Aliketi katikati yetu, akakamua upindo wa gauni.

"Baridi!" alisema. "Baridi kama nini! Na mimi miaka yote ile nawahimiza watu wakaoge!"

Mjomba alicheka mpaka benchi likatikisika. Shangazi naye alicheka, ila uso wake ulikuwa bado umeelekea juu. Alikaa hivyo, maji yakimchuruzika miguuni, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba wakati wa kurudi umefika.