Kushika Besi ya Ngolo Succès kule Yanonge

Niliondoka Kisangani kwa sababu mpiga besi mwenzangu aliugua. Nasema wazi, sipendi kuzungusha maneno. Kila mpiga besi ana orkesta moja moyoni ambayo haikuwahi kumwita, na anangoja tu mwenye nafasi apate homa, hata ya siku moja, ili yeye ashike. Wapiga gita la solo hawaelewi jambo hili. Mpiga solo anaota orkesta yenye jina lake. Sisi tunaota kuingia mahali pa mtu, kukaa nyuma karibu na ngoma, na watu wacheze bila kujua kwamba aliyepo ni mwingine.

Zamani pale Mangobo, mtaani kwetu Kisangani, tulikuwa kundi zima la wapiga besi. Jumatatu, siku mwanamuziki anapopumzika, tulikaa kwangu na kila mmoja anataja orkesta yake. Huyu anataka ya Kinshasa, yule ya Brazzaville. Mimi nikitaja Ngolo Succès ya Yanonge, kamji kadogo ka mtoni kule chini, wanacheka mpaka wanakohoa. "Batu banaota Ulaya, weye unaota Yanonge!" Bon, wale wote nimewazika. Jumatatu siku hizi nakaa na viti.

Ngolo Succès niliipata kwenye transista ya marehemu kaka yangu, redio ndogo ya kutosha kiganja. Jumamosi ilikuwa inatoa miziki yao. Shule niliiacha nikiwa bado sijui kugawanya, solfeji, yaani kusoma muziki, sikuigusa, besi yangu ya kwanza niliichonga kwenye ubao na nyuzi zake zilikuwa waya za breki za baiskeli. Kwa ubao ule nilijifunza Ngolo Succès yote. Nyumba yangu ya matofali imetoka kwenye vidole hivi, sikumwomba mtu. Lakini wenyewe sikuwaona hata mara moja. Siku walizopanda kuja kupiga Kisangani, nami nilikuwa kazini kwingine. Mwanamuziki hasikii wenzake, maana wote wanafanya kazi saa zilezile.

Basi simu ikalia. Alikuwa Likunde, chef d'orchestre, kiongozi wao wa sasa.

"Papa Lifeta, papa Bosenge wa besi alianguka. Mukono ya kuume imekufa. Na Jumapili hii, kisha misa, tuko na fête ya kuondoa matanga. Unajua miziki yetu?"

"Yote."

"Yote-yote?"

"Kijana, mi niliijua mbele ya weye kuota meno."

Nilipokata simu nikatafuta mtu wa kumwambia. Mke wangu amelala makaburini, watoto wako Kinshasa na Bunia. Nikafuta vumbi kwenye gita, nikaliambia lenyewe.

Ijumaa asubuhi nilipanda toleka, baiskeli yetu ya abiria, hadi beach, yaani pale mashua zinapopakia. Dereva aliuliza nimebeba nini. Besi, nikamwambia. "Ah, gita." Hapana gita, besi. Akakanyaga pedali. Baleinière, ile mashua ndefu ya mbao yenye mota, ilikuwa imejaa sabuni, magodoro na bidoni tupu za mafuta. Nilikaa juu ya gunia la chumvi na besi magotini.

Mtoni, mji ulipokwisha kupotea nyuma yetu, mama mmoja mwenye kuuza samaki wa kukausha alinichokoza.

"Papa, tuimbie kidogo, njia iko murefu."

"Siimbi. Napiga besi."

"Basi piga."

"Bila umeme haisikike."

"Ala! Sasa iko kintu gani ile, haisikike, na unaibeba kama mutoto?"

Mashua nzima ikacheka. Nami nikatabasamu, kwa heshima. Kisha nikageukia maji, nikapitisha vidole juu ya mfuko, wimbo baada ya wimbo, hadi nikamaliza zote ninazozijua. Hakuna hata mmoja niliousahau. Kwenye kingo vijiji vilikuwa vinapita, watu wanawapungia mkono abiria wengine.

Yanonge tulifika alasiri. Likunde alinipokea kwa heshima, akabeba mfuko wangu, akanipa lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa mchuzi. Halafu tukaenda kwenye parsel, ua wao wa mazoezi. Groupe, mashine ya umeme, ilikuwa inanguruma nje, na ndani kulikuwa na kiti kimoja cha mbao kando ya ngoma. "Kiti ya papa Bosenge," wakasema. "Ikaa." Nikakikalia kama mtu anayeingia kanisani.

Tukaanza. Nilipiga kwa moyo wote. Katikati ya ubeti wa pili solo ikanyamaza. Likafuata gita la kati. Ngoma nayo ikaacha, nikabaki peke yangu nadunda.

"Kuna nini?"

Likunde alijikuna shingo. "Papa, iyo besi ulitoa wapi?"

"Kwenu. Kwa redio."

"Iko muzuri," mpiga ngoma akasema, "lakini haiko yetu. Umejaza kila pahali. Hatuna hata pa kupitisha mguu."

Mzee mmoja tu wa siku zile bado yumo kwenye orkesta, papa Osako wa gita la kati. Akaniuliza redio gani. Nikamwonyesha kiganja. Akatikisa kichwa taratibu.

"Transista kidogo vile haitoe besi, ndugu yangu. Ulisikia magita yetu. Besi ulitunga weye mwenyewe."

Nimefungua maspika mangapi kwa mikono yangu! Najua kabisa kwamba spika ndogo haibebi sauti nzito, hata mtoto wa fundi anajua. Lakini nilijifunza nikiwa kijana, ikaingia vidoleni, na sikurudi nyuma kuuliza. Maisha yangu yote nimeshika nafasi ya mtu asiyekuwapo.

Likunde alisema kwa upole, lakini alisema. "Batu ba Yanonge banajua iyo besi na miguu yao. Ukiibadilisha, bataachana na sisi katikati ya sebene, pale pa kucheza kabisa. Ikishindikana, papa, tutapiga bila besi. Utakula tu pamoja na sisi."

Nimesafiri mto mzima ili nile? Nikamwambia anipe mpaka kesho.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Bosenge. Mke wake, mama Alphonsine, aliniketisha uani. Mwenyewe alikuwa ameegemezwa kwenye kiti kirefu, blanketi kifuani, mdomo umevutwa upande. Maneno yake yalikufa pamoja na ule mkono.

"Orkesta bakakuja mara moja tu," mama akasema. "Banaogopa kumuona vile."

Mimi si mtu wa kupamba. "Papa Bosenge," nikasema, "nimekuja kushika nafasi yako, na siijui."

Akaniangalia. Sikuona hasira. Nikatoa besi, nikailaza juu ya magoti yake. Mkono wa kuume haukusogea. Lakini wa kushoto ulipanda shingo ya gita wenyewe, kama mtu aliyerudi kwake gizani, vidole vikakaa juu ya nyuzi na kungoja.

Nikavuta kigoda, nikakaa bega kwa bega naye, nikapitisha mkono wangu wa kuume mbele ya tumbo lake. Yeye akabana nyuzi, mimi nikapiga. Hatukuwa na umeme, ilibidi tuinamishe vichwa tusikie. Mwanzoni nilikuwa napiga pale ambapo yeye hajabana. Akaacha shingo ya gita, akanichapa mkono, pah! Nikapiga tena mapema. Akanichapa tena. Kumbe ananiambia ngoja. Besi yake ilikuwa hivi: inapiga, inapiga, halafu kimya. Ndani ya kimya kile ndimo miguu ya watu inamokaa. Mimi nilikuwa nimekijaza na kila nilichonacho.

Kutoka jikoni mama Alphonsine akapaza sauti. "Ni yeye! Ni Bosenge anapiga!" Akatoka mbio na mwiko mkononi. Akatuona, wazee wawili kwenye gita moja. Akarudi jikoni.

Tuliendelea mpaka jua likatuhamisha. Mwishoni alikuwa hanichapi tena. Sijui kama ni kwamba nilikuwa nimejua au alikuwa amechoka.

Jumapili baada ya misa familia ikavua nguo nyeusi na kuvaa za rangi, kama desturi inavyotaka, na orkesta ikaanza. Nilikalia kile kiti. Nikapiga, nikapiga, nikangoja. Vumbi likapanda. Likunde aliniangalia mara moja tu, kisha hakuniangalia tena, na hiyo ndiyo sifa ya mpiga besi. Mama mmoja mwenye kitambaa kipya akapita karibu akicheza, mgongo umetugeukia, akapiga kelele: "Papa Bosenge amepona!"

Ndivyo nilivyoota tangu ujana, neno kwa neno. Nilikuwa ndani ya Ngolo Succès, na hakuna aliyejua kwamba nimo. Nilifurahi. Lakini besi yangu mwenyewe, ile niliyoitunga, nilijua kwamba hakuna tena orkesta duniani inayoihitaji.

Jumatatu nilirudi. Kupanda mto ni pole pole, mota inalia na kingo hazisogei. Yule mama wa samaki alikuwamo tena.

"Papa wa kintu haisikike! Ulipiga?"

"Nilipiga."

"Batu bakakusikia?"

"Hapana."

"Si nilikuambia!"

Mashua ikacheka. Safari hii nami nilicheka, ila si kwa muda mrefu.

Mangobo, nyumbani. Nilifungua madirisha, nikachomeka besi, umeme ulikuwapo. Nilichojifunza si kikubwa, lakini nimekilipia, nami nakiandika. Nilijaza kila nafasi kwa sababu nilijifunza peke yangu, na mtu aliye peke yake hana wa kumchapa mkono. Nilipiga ya Bosenge. Pale anaponyamaza nikanyamaza, nikasikia viti vyangu vya Jumatatu. Safari hii hapakuwa na mkono wa kunichapa.

Nikampigia simu mama Alphonsine. Nikamwomba aweke simu sikioni mwa mzee, nami yangu nikaiweka mbele ya spika. Nikapiga wimbo mzima. Katikati nikakumbuka kwamba simu ni ndogo kuliko hata ile transista, nikaona haya. Lakini nikamaliza.

"Papa Lifeta," mama akasema, "huku kunasikika tu tik, tik, kama panya. Besi haiko."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Ngoja kwanza. Mukono yake ya kushoto iko inatembea juu ya blanketi. Usikate. Endelea."