Maji Yaliyolala

Fundi saa alianza mwaka akiwa na samaki sita kwenye tangi la kioo sebuleni. Kufikia mwezi wa nne alibaki mmoja, mwekundu mwenye pezi lililochanika, ambaye bintiye alimpa jina la Mzee kabla ya kwenda shule ya bweni. Kila Jumapili binti alipopiga simu, salamu zilianza kwa Mzee.

"Hajambo?"

"Anatweta kidogo," alisema fundi, ambaye uongo mkubwa ulimshinda.

"Baba, nakuja Jumamosi. Nimkute."

Fundi alifungua daftari. Alipima amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki: hakuna. Alikwisha kupunguza chakula na kusuuza chujio kwa maji ya tangi lenyewe. Ilibaki klorini, ile dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba, lakini hiyo aliidhibiti zamani: kabla ya kubadilisha maji, huiacha ndoo wazi jikoni siku nzima ili dawa iruke. Hata hivyo, kila akibadilisha, samaki mmoja huelea.

"Sisi tunayanywa hayohayo na hatufi," alisema mkewe.

"Wewe huna matamvua ya kupumulia."

"Umejuaje? Lini umenitazama shingo?"

Jumatano jioni aliinamia ndoo iliyolala tangu jana, akanusa. Ilinuka dawa kana kwamba imekingwa sasa hivi. Akanusa tena. Saa hairudi nyuma yenyewe. Ukiona imerudi, kuna mkono.

Alhamisi alichelewa kazini makusudi, akajifanya anatafuta bisibisi. Saa mbili kasoro robo mama mkwe, aliyehamia kwao tangu mwanzo wa mwaka, aliingia jikoni. Alimwaga ndoo, akaisugua, akakinga maji mapya, akairudisha palepale, mpini ukielekea dirishani kama alivyouacha fundi.

Mkwe hakaripiwi. Fundi alinyata akaenda kazini, akapanga maneno mchana kutwa.

"Mama," alisema jioni, "huyu samaki maji mapya yanamwunguza. Anataka yaliyolala."

Mama mkwe aliweka kikombe chini. "Kiporo?"

"Kiporo, mama."

"Nami kila asubuhi nakubadilishia! Nilidhani unasahau ndoo, nikasema nisikuumbue mbele ya mkeo." Akalitazama tangi. "Wamekufa wangapi?"

"Watano."

"Watano! Na wewe umekaa kimya?"

"Nilikuwa bado napima, mama."

Mama mkwe alisimama, akaenda kukinga ndoo mwenyewe.

Ijumaa jioni fundi alibadilisha maji. Jumamosi binti alipoingia, hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Mzee alikuwa chini, akichokonoa changarawe, wala hatweti. Binti akacheka, akakimbilia jikoni kunawa, akainyooshea mkono ndoo.

"We! Usiguse!" Bibi yake alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ndoo. "Hayo yamebakiza saa nne kuiva."

Fundi, mlangoni, alitazama saa yake.

"Tatu na nusu, mama."