Kabichi Nilizowapokonya Mbuzi

Nakumbuka asubuhi moja kule Kakuma, mwanangu, nilipowatupia mbuzi wa jirani kabichi nne kwa sababu ya aibu, na wanangu wawili hawajatia kitu tumboni. Leo nakaa Lodwar, kichwa kimejaa mvi, na bado nikiikumbuka nashikwa na hasira. Najikasirikia mwenyewe, usidhani ni mtu mwingine.

Ukame wa mwaka ule ulimaliza mifugo yetu yote. Baba yao alikuwa amekwenda Kalokol kutafuta kazi ya kukausha samaki, nami nikabaki na watoto katika chumba cha kupanga. Kabichi zilikuja na lori kutoka Kitale. Lori likikwama Kainuk siku mbili tatu, zilifika majani ya nje yamegeuka manjano, zikauzwa bei ya kutupa. Hizo ndizo tulizokula. Sikulelewa na kabichi, mimi. Nililelewa na maziwa na nyama, na kwetu mtu mzima akionekana anatafuna majani alichekwa mpaka akome.

Basi nikaletewa habari kwamba mama mkwe ametoka Lokori, ameshuka steji. Alikuwa amesikia nawalisha wajukuu wake majani, na alikuja kuwachukua. Woga ukanishika. Nikabeba kabichi zote nikazitupa nyuma ya ua, nikijiambia asipoziona hatakuwa na neno.

Pale ndipo aliponikuta Mama Furaha, mkimbizi kutoka Kongo, aliyepita kila asubuhi akitoka kambini na beseni lake la maandazi.

"Weye, juu ya nini unatupa chakula?" akauliza.

Nikamweleza kuhusu mkwe wangu na haya niliyoiona. Akanyoosha kidole kuelekea kwa mbuzi waliokuwa wakitafuna.

"Batoto batakula ile haya yako?" akasema. "Okota."

Nikawafukuza mbuzi nikaokota. Moja ilikuwa imekwisha tafunwa upande, tukaukata ule upande. Mama Furaha akatua beseni, akanipokonya kisu. Majani ya nje akayaosha, akayakata membamba, akayachovya kidogo tu katika maji ya moto yenye chumvi, akayakamua na kuyatandaza juu ya gunia safi kivulini, mahali upepo unapita. Mimi niliwahi kuyaanika juani kama nyama, yakatoka machungu, hayaliki. Sasa nikaona kosa langu. Kikonyo kile kigumu cha katikati akakimenya, akakikatakata, akakitia kwenye maharage. Kabichi moja akaipondaponda na chumvi ndani ya ndoo mpaka ikatoa maji yake, akaikandamiza kwa jiwe safi izame. Kwa joto letu, siku ya tatu imechachuka vizuri, na ugali unashuka wenyewe. Kisha akajitwika beseni akaenda zake, nami zilizobaki nikazikaanga kwa kitunguu na mafuta ya mbuzi.

Mama mkwe aliingia sufuria ikiwa bado motoni. "Ejok," tukasalimiana, nikampa kiti, nikampa maji. Kisha nikaleta sufuria na kuiweka mbele yake. Sikuifunika.

"Watoto ya kijana yangu anakula hii?" akasema. "Hii ni ya mbuzi. Mimi naenda na hawa leo."

Mwanangu, nikasimama mbele yake. Sikuwahi kumjibu mama yule hata neno moja tangu niolewe.

"Mama, nakuheshimu," nikasema. "Kama kuna maziwa Lokori, niambie, nitawafungia nguo zao mwenyewe."

Akaisukuma sufuria kando. Ukame haukuiruka Lokori, na boma lake lilikuwa tupu kuliko langu. Alijua, nami nilijua.

"Basi watoto hawaendi," nikasema. "Watakula hii, na watakua."

Walikula, wakagombania ukoko. Yeye hakugusa. Alikaa siku tatu akinywa chai ya rangi, akaondoka bila kunipa mkono na bila watoto. Mpaka Mungu alipomchukua hakuwahi kuonja kabichi yangu, wala mimi sikuwahi kumwomba msamaha. Iliniuma, sitakudanganya, maana alikuwa mama mzuri. Lakini wale wawili leo wana watoto wao.

Najua utaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na miguu yangu hii hapa, yote miwili, inanifikisha sokoni kila siku.

Kwa hiyo nisikilize. Wanasema akiba haiozi, lakini kabichi huoza, tena upesi, kwa hiyo usiingoje. Ile ya leo ipike, ya wiki ijayo ichachushe, ya mwezi wa njaa ikaushe, na kikonyo usikitupe hata siku moja. Ukichekwa, waache wacheke. Kicheko hakijapata kumtoa mtu jikoni akiwa na chakula. Na mkubwa wako mheshimu, mpe kiti, mpe chai, mwitikie kwa upole. Ila siku akikuambia uwatoe wanao kwenye sufuria yako, muulize ya kwake ina nini.

Nenda salama, mwanangu. Akuj, Mungu wetu aliye juu, akupe mvua, akupe chumvi na upepo wa kukaushia, na siku utakayolazimika kusimama mbele ya mtu unayemwogopa, asikuache upige magoti.