Kigozi Tulichoomba Kisikatwe

Siku yangu ya kwanza katika zahanati ya uzazi kule Ziwani, miaka ya sabini, Sista Mkuu alinifunza kazi kabla hata ya kunionyesha pa kutundika koti. "Mtoto akitoka, usikimbilie kumwambia mama amepata kijana. Tazama tundu la mkojo liko wapi. Papasa korodani, ziwe mbili. Halafu ndiyo useme." Alikuwa mkali, na nilimpenda.

Nyinyi mnaoanza ukunga sasa mna mashine. Sisi tulikuwa na macho na vidole. Majuma ya mwanzo watoto wote tumboni hufanana. Mwenye kromosomu ya Y, ambayo hutoka kwa baba, huota korodani, nazo hutoa homoni zinazokuza uume na kuunganisha njia ya mkojo iwe mrija kutoka shinani hadi nchani. Homoni zikipungua, au mwili usipozipokea vizuri, njia hiyo huishia katikati. Mara nyingi hata madaktari hawajui kwa nini.

Mutua alizaliwa hivyo mikononi mwangu, tundu likiwa upande wa chini. Baba yake alikuwa mchonga vinyago, mama yake akiitwa Mwende. Daktari wa hospitali kuu aliahidi kumpasua akikua kidogo, akaonya asitahiriwe kabla, maana ngozi ya govi ndiyo ingetumika kutengeneza njia iliyobaki.

Mutua alipofika miaka minne, Mwende alikuja zahanati analia. Mama mkwe wake, ambaye sote tulimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, alikuwa ametoka Machakos kumchukua akatahiriwe na binamu zake.

"Wanaondoka kesho, sista. Anasema ubaya huu nimeuleta mimi, na kisu kitautoa."

Sista Mkuu alinitazama. "Nenda. Na usibishane na mama mzee, mweleze."

Nilimkuta Susu mlangoni akisuka kiondo. Hakuinua uso.

"Damu ya kwao ndiyo mbaya," alisema.

"Susu, kinachofanya mtoto awe wa kiume hutoka kwa baba."

"Kwa hivyo ni mwanangu?"

"Hapana. Hakuna aliyekosa."

Aliguna tu. Nikaona maneno yangu ya chuoni hayamfikii. Nikachukua mkasi wake, nikausogeza kwenye uzi wa katani uliobaki.

"Wewe sista, una wazimu?"

"Si ni wa ziada, Susu? Kiondo chenyewe ni hiki."

"Na mdomo wake nitaumalizia na nini?"

"Daktari naye anauliza hivyo hivyo kuhusu ngozi ya Mutua."

Alininyang'anya mkasi. Kisha akauliza, "Huyo daktari wenu atamshona lini?"

Mutua alipasuliwa mwaka huohuo, na kidonda kikapona vizuri.

Nilizalisha watoto wengi baada yake, Ziwani na baadaye Dandora, hadi nikastaafu. Homoni sikuwahi kuziona hata siku moja, lakini lawama nilizozikuta juu ya wanawake niliziona, na bado zinanikera. Kwa hiyo naikumbuka sana siku ambayo akina Mwende walinialika kwa chakula, Mutua alipotoka hospitali. Baba zake wadogo waliuliza atatahiriwa lini.

"Huyu ameshapitia kisu cha daktari," alisema Susu. "Na mama yake hana kosa lolote."

Mwende alikuwa akisonga ugali. Aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akajifunika uso kwa leso, na ugali ukaungua. Tuliula hivyohivyo.