Swali la Mama

Taa za studio zikiwashwa, kabla sijaanza kumhoji waziri, vumbi lililozilalia huungua kidogo, na harufu yake hunirudisha Shinyanga, utotoni. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, na kiongozi mmoja akaja kwa Landrova iliyotutimulia vumbi, kutuhutubia. Mama hakukijua Kiswahili vizuri. Alininong'oneza kwa Kisukuma, nami nikasimama katikati ya watu.

“Shikamoo, mzee. Mama anauliza, mmetuleta hapa, maji yako wapi?”

Kiongozi aliitikia marahaba, akatazama saa yake, kisha akaendelea kukisifu kijiji.

Tangu siku ile majirani waliogopa kuonekana nasi. Wanawake waliozoea kumpitia Mama asubuhi kwenda kuteka maji mtoni, mbali, sasa walipita kimya mbele ya nyumba yetu, na watoto wao walikatazwa kucheza nami.

“Mama, nilisema vibaya?” nilimuuliza.

“Ulisema kama nilivyokutuma,” alijibu, akinitwisha ndoo yangu.

Tukaenda wawili. Wenzetu walikuwa mbele kidogo tu, wakizungumza na kucheka. Waliposikia nyayo zetu, wakaongeza mwendo.